Mitende Isiyozaa ya Sidra

Wiki iliyopita, msomaji wangu, uliniacha kwa Mzee Nadhir, kikombe cha kahawa mkononi, nimekwenda kumposa binti yake Thuraya. Kama hukusoma, hukukosa kitu ila aibu yangu, na aibu yangu haijesha. Leo ndiyo kwanza inaanza.

Kwa ufupi. Mimi ni Marhun, mzaliwa wa Malindi, Unguja. Mwaka 1974 nilikuja Omani na mama yangu, Bi Ghaniya, na Kiarabu changu cha kuombea maji. Kilichonipatia kazi ni Kiingereza: niliajiriwa ofisi ya kilimo Ibra niwasomee wakubwa barua za wataalamu wa kigeni. Mzee Nadhir naye alikaa Pemba miaka ishirini anauza nguo, kisha akarudi kwao kulima tende. Kijiji chao nakiita Sidra. Sio jina lake, kwa sababu la kweli nikilitaja mpaka leo wapo watakaonifuata na bakora.

Siku ile ya posa mzee hakukataa wala hakukubali.

"Mwanangu," alisema, "nakwenda Maskati na Thuraya nikatibiwe jicho. Mwezi mzima. Nikirudi nitawauliza watu wa Sidra wewe ni mtu gani. Watakavyosema wao, ndivyo nitakavyokujibu."

Nikatoka pale naona raha. Mwezi mzima wa kujipendekeza kwa kijiji kizima! Nani angeshindwa? Basi sikiliza nilivyoshindwa.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kwanza, 1983. Mkuu wangu, Bwana Azzan, alituita ofisini.

"Serikali inatoa ruzuku," alisema. "Kila mtende mkongwe, au usiozaa, mwenyewe akiukata analipwa riali kumi na tano, na anapewa mche mpya wa tende za khalasi bure. Nani atakwenda Sidra?"

"Mie!" nilisema, hata hajafunga mdomo.

"Unaijua mitende, wewe?"

"Bwana Azzan, mie nimekulia chini ya minazi."

"Mnazi na mtende ni mamoja?"

"Ndugu wa damu," nilimjibu.

Laiti angenifukuza kazi siku ile ile. Badala yake alinipa daftari, kopo la rangi nyekundu ya kutilia alama, na bahasha ya pesa.

"Mlipe mwenye mti," alisema. "Mkononi, na atie dole gumba. Umesikia? Mwenye mti."

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia, masikio yangu hayana ubovu.

Sidra siku hizo mitende haikuwa na tende hata moja, msimu wake ulikuwa mbali, na mbele ya macho yangu yote ilikuwa sawasawa. Nikawa nauliza mlango hadi mlango: una mtende usiozaa? Hakuna aliyekubali. Mwomani umwambie akate mtende wake ni sawa na kumwambia amtoe mtoto wake nje alale na mbuzi. Mmoja alinionyesha mtende uliokauka mpaka kileleni, akaapa kwamba mwaka kesho utazaa.

Siku mbili nikazunguka na kopo langu la rangi, sijalifungua hata mara moja. Nikaanza kuingia wasiwasi. Thuraya ataambiwa nini? Kwamba Marhun alikuja na pesa za serikali akashindwa hata kuzigawa?

Ndipo nilipokutana na Mahrous.

Mahrous alikuwa mtu mpole, mzito wa maneno, ndevu kazitia hina. Alinikaribisha kahawa, kisha akanitembeza shambani mwake. Kando ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia shamba, pale maji yanapoingilia, palikuwa na safu ya mitende kumi na moja, minene, imejipanga kama askari.

"Shamba la nani hili?" niliuliza, daftari mkononi.

"Langu."

"Na mitende hii, inazaa?"

Mahrous aliniangalia. Akautazama mtende. Akaniangalia tena.

"Inazaa?" alisema.

"Ndiyo. Inazaa?"

"Wallahi, haijazaa hata tende moja."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi ya babu yangu."

"Subhanallah! Na mnaiacha hapa kando ya falaji inakunywa maji bure?"

"Tumezoea," alisema.

"Mbona kule juu naona kama inataka kuchanua?"

"Kila mwaka inachanua, tena mapema. Maua matele. Tunda hakuna."

Roho iliniuma, msomaji, nakuapia. Niliwaza hao watu maskini, mwaka nenda mwaka rudi, wanaona maua wanapata tamaa, halafu hakuna kitu. Nikaifungua ile rangi. Nikatia alama kumi na moja nyekundu, nikamhesabia Mahrous riali mia na sitini na tano, akatia dole gumba pale nilipomwonyesha, taratibu kabisa.

Ukataji ulichukua siku tatu. Kamba nilishika mwenyewe. Watu wakaja kutazama, wakawa wengi, na mimi nikadhani wanastaajabu maendeleo. Mzee mmoja alipiga kelele kwa Kiarabu cha haraka haraka, nikaambulia neno moja katika kumi. Nikamwonyesha daftari lenye muhuri na kumwambia kwa Kiarabu changu, "Amri ya serikali!" Akarudi nyuma. Wote wakarudi nyuma. Nikajisemea, hawa Mzee Nadhir akiwauliza, hawatanisahau.

Kweli hawakunisahau.

Mwisho wa mwezi wa pili Mzee Nadhir aliniletea habari kwamba amerudi na ananiita. Bi Ghaniya alivaa buibui lake jipya, akakaanga visheti, akanifukiza udi mpaka nikapiga chafya njia nzima. Tulipofika, mama aliingia kwa wanawake, akakaa karibu na mlango wenye pazia, apate kusikia kila neno la upande wetu. Thuraya alikuwa huko huko ndani. Mie nilikaa na mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Jicho vipi?"

"Jicho linaona," alisema. "Linaona zaidi ya nilivyotaka."

"Na watu wa Sidra, umewauliza?"

"Nimewauliza. Jina lako wanalitaja asubuhi na jioni."

Nikatanua kifua. "Mzee, mie nilifanya wajibu wangu tu. Ile mitende kumi na moja ilikuwa haiwafaidii kitu."

Mzee Nadhir alikiweka kikombe chini.

"Marhun, kwenu Malindi mlifuga kuku?"

"Wengi sana, Mzee. Mama shahidi."

"Jogoo wenu alikuwa anataga mayai mangapi?"

Nikacheka. "Jogoo hatagi, Mzee!"

"Basi mlimchinja kwa kuwa hatagi?"

Nikaendelea kucheka kidogo, kwa adabu. Kisha nikaacha.

"Mtende una dume na una jike," alisema mzee, taratibu, kama anamsomesha mtoto alifu. "Dume halizai. Dume linatoa maua mapema, kabla ya jike, na hayo maua tunayakata, tunapanda juu ya jike mmoja mmoja, tunamtilia kwa mkono. Nabat, ndivyo yanavyoitwa. Jike asipotiliwa nabat hana tende, ana takataka. Sidra ina mitende elfu na mia mbili. Madume ilikuwa nayo kumi na moja."

Nyuma ya pazia nilimsikia mama akisema, "Yallah, toba!"

"Mzee," nilisema, "minazi haina mambo hayo."

"Sijakuuliza minazi."

"Sasa nifanye nini?"

"Majike wameanza kupasua maua. Nina siku tano, sita zikizidi. Kaniletee nabat ya kuwatosha Sidra nzima, na mimi nitasahau, na watu nitawasahaulisha. Ukija mikono mitupu, usije."

Ibra nzima niliizunguka. Kila mtu alikuwa na nabat ya kumtosha mwenyewe, wa kuuza hakuna. Wakaniambia nenda soko la Nizwa. Nikamwomba Bwana Azzan Land Rover ya ofisi, nikamwambia nakwenda kukagua wadudu. Mungu anisamehe, na Bwana Azzan anisamehe, maana gazeti hili analisoma.

Wakati naondoka mama aliniuliza, "Hiyo nabat ni kitu gani hasa?"

"Vichala vya maua, mama. Vyeupe, vya unga unga."

"Maua?" alisema. "Basi maua uyarashie maji, uyafunge kitambaa kibichi. Asumini tulikuwa tunaiweka hivyo mpaka siku ya pili inanukia."

Nizwa, Ijumaa asubuhi, nikaipata. Muuzaji aliitandaza juu ya mkeka mkavu, mafungu mafungu. Nililipa mshahara wangu wa mwezi mzima. Nikanunua dumu zima la maji ya kunywa, nikarashia vizuri, nikafunga kwa kanga mbili mbichi, nikafunika turubai. Muuzaji alinitumbulia macho. Nikamwambia, "Usijali, nayajua maua."

Nilipokaribia Sinaw, njiani kurudi, mpira wa gari ukapasuka. Nikatia wa akiba. Wa akiba nao ukapasuka. Nikalala Sinaw siku mbili nikingoja mpira, na kila baada ya saa chache, mtoto wa watu, nafungua turubai narashia maji.

Siku ya tano, kabla ya adhuhuri, niliingia Sidra napiga honi. Watu wakatoka. Mzee Nadhir akatoka, na Bi Ghaniya alikwishafika tangu asubuhi kunipokea. Nikaifungua kanga mbele ya kadamnasi.

Harufu ilitoka kwanza. Nabat yote ilikuwa nyeusi, imeota ukungu, inateleza.

"Umeitia maji?" aliuliza Mzee Nadhir.

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama mlima.

"Kidogo, Mzee," nilisema.

Wanawake walicheka, wanaume hawakucheka. Mzee Nadhir alinishika mkono akaniingiza ndani, na mama nyuma yetu, akapita kwenye pazia kwa Thuraya. Nilijua yamekwisha. Nilitaka kulia, na nina miaka thelathini na moja, mtu mzima mwenye daftari la serikali.

"Nabat tutaomba vijiji vya jirani, tutapata ya nusu ya mitende," alisema mzee. "Hasara tumeshaila. Sasa niambie lingine. Pesa za ruzuku ziko wapi? Ziko ofisini zinamngoja mwenyewe?"

"Nimeshalipa, Mzee."

"Umemlipa nani?"

"Mwenye shamba. Mahrous."

Nyuma ya pazia sauti ya mwanamke, si ya mama, ikasema, "Mahrous?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Thuraya tangu nimpose.

"Shamba la Mahrous, ndiyo," alisema mzee. "Mitende ya nani?"

"Si iko shambani kwake?"

Hapo mama alishindwa kujizuia. "Marhun! Hata Unguja ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe! Babu yako alikuwa na mikarafuu sita katika shamba la watu, umekula karafuu zake wewe! Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Yote ya kule nilikuwa nayakumbuka isipokuwa lile moja lililotakiwa.

"Bibi yake Thuraya," alisema Mzee Nadhir, "aliipanda ile safu kwa mkono wake. Alipofariki alimwachia Thuraya, na waraka upo. Kila mwaka watu wanakuja kuchukua nabat, hawalipi, wanamrehemu bibi wanakwenda zao. Ndiyo mali pekee aliyonayo huyu binti. Na wewe umeikata, na pesa ukampa mtu mwingine."

Mzee akatuma mtu amwite Mahrous. Alikuja bila haraka, akaamkia, akakaa, akapewa kahawa, akanywa.

"Mahrous, umechukua pesa za mitende ya mwanangu?"

"Nimechukua."

"Kwa nini?"

"Huyu bwana aliniuliza shamba la nani, nikamwambia langu. Aliniuliza inazaa, nikamwambia haizai. Dume likizaa itakuwa karama! Mtende wa nani, hakuniuliza." Akatia mkono kifuani akatoa bahasha yangu, ile ile. "Hizi hapa. Mia na sitini na tano. Nilikuwa nangoja mwenyewe arudi Maskati."

Kaiweka juu ya mkeka. Alinishinda hata nilipotaka kumchukia.

"Sizitaki," alisema Thuraya.

Mzee akageuka. "Ni haki yako, binti yangu."

"Riali nitazipeleka wapi? Nitazipandisha juu ya jike?" Sauti yake ilikuwa imejaa machozi na hasira. "Bibi alinambia, Thuraya, maadamu haya yapo, hakuna mtu Sidra atakayekuona huna maana. Mwezi mmoja nimeondoka. Mwezi mmoja tu! Nimerudi nimekuta visiki vina rangi nyekundu. Na aliyeyakata ndiye huyo huyo anayetaka kunioa!"

"Thuraya," nilisema, "nisamehe. Nakuomba. Sikujua."

"Hukujua, na hukuuliza. Ungekuja kumuuliza hata mtoto wa chuoni."

"Kweli."

"Basi sikiliza, na Baba asikilize. Wallahi l'adhim, siolewi na mtu mpaka yasimame madume kumi na moja pale yalipokuwa ya bibi. Na yawe makubwa, yenye kuchanua. Atakayeyasimamisha ndiye nitakayemkubali. Nimeapa."

Mzee Nadhir alishika kichwa. Kiapo ni kiapo, nyumba ile hakikuchezewa.

Lakini mie, kumbe, nilipata pumzi. Madume makubwa yanang'olewa na kuhamishwa, nilikwisha kusoma hilo katika barua moja ya mtaalamu. Gharama yake ni kubwa, lakini mtu anaweza kukopa. Anaweza kuuza saa, redio, kitanda. Na mama aliinama karibu na pazia akaninong'oneza kwa sauti waliyoisikia mpaka waliokuwa nje, "Kakupa njia, mjinga wewe! Sema ndiyo!"

"Ndiyo!" nilisema. "Nimekubali! Nitayaleta, Thuraya, kumi na moja, moja halipungui! Nipe mwaka!"

Naapa nilimsikia akicheka kidogo, kule nyuma. Kicheko cha mtu aliyechoka kukasirika. Mzee Nadhir naye akaanza kutabasamu, akanyosha mkono kunimiminia kahawa.

Ndipo Mahrous alipokohoa.

"Samahani, Mzee," alisema. "Binti kaapa kwamba atakayeyasimamisha. Kamtaja mtu kwa jina?"

"Hakumtaja," alisema mzee, mkono bado uko hewani.

"Mwanangu Hamdun, unamjua, yule wa jeshini. Alirithi kwa mamake, huko Al Kamil. Madume kumi na matatu, ya miaka ishirini. Winchi anayo rafiki yake. Wiki hii wakianza kuchimba, Alhamisi ijayo yanasimama hapa." Akanigeukia kwa upole ule ule, hana ubaya wowote usoni. "Na Hamdun hajaoa."

Sijui mpaka leo kama aliyapanga yote haya tangu siku ile aliyoniangalia mara mbili, au kama yalimwangukia tu mapajani. Nilitaka kusema kitu. Kiswahili kilinikimbia, Kiarabu kilinikimbia, hata Kiingereza kilichonipatia kazi sikukiona.

"Thuraya," alisema Mzee Nadhir, "umesikia?"

Mama akamwita kwa jina, taratibu, "Thuraya, mwanangu." Nje watu wa Sidra walikuwa wamejaa mlangoni, kila mmoja ana mitende yake inayongoja, hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wangu. Nikasogea nikakaa karibu na lile pazia, nimshinde Mahrous japo kwa kuwa karibu.

Pazia likatikisika. Thuraya akauliza, wala hakuniuliza mimi:

"Hayo ya Al Kamil, yanachanua mapema, kama ya bibi?"